Kabureta Katika Barabara ya Umatengo

Juni na Julai baridi ya Umatengo, nchi ya milima ya Mbinga, huuma vidole, na enzi za magari ya kabureta ndiyo iliyokuwa mtihani wa kwanza wa dereva kila asubuhi. Petroli ikipoa haigeuki mvuke upesi. Plagi hutoa cheche lakini hazipati cha kuwasha. Choki ilitengenezwa kwa ajili ya saa hiyo. Dereva akiivuta, kibao kidogo huziba njia ya hewa, injini ikanyonya kwa nguvu zaidi na petroli ikaja kwa wingi. Ikishika, choki hurudishwa kidogo kidogo. Asiyejua alikanyaga mafuta mara kumi huku choki iko nje yote, plagi zikalowa, na utingo akapewa hendeli azungushe hadi jasho limtoke kwenye baridi ile ile.

Barabara ya Umatengo hupita Kigonsera, kati ya Songea na mji wa Mbinga. Wabenediktini walifungua misheni hapo mwaka 1899, mwaka mmoja baada ya Peramiho, na seminari yake ilimsomesha Benjamin Mkapa kabla hajakwenda Pugu. Misheni na shule zilihitaji gari, lakini kahawa ilihitaji magari zaidi. Zao hilo lilianza kupandwa Umatengo miaka ya 1920, na lilitegemea barabara kufika sokoni: ya vumbi kiangazi, ya utelezi masika.

Kabureta yenyewe ilikuwa na umri mkubwa tayari. Mjerumani Wilhelm Maybach alibuni kabureta ya kunyunyiza petroli kwenye mkondo wa hewa mwaka 1893, na kwa karibu miaka mia moja wazo halikubadilika sana: sehemu kama 15 za hewa kwa moja ya petroli, kwa uzito. Land Rover, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1948, ilikuja na kabureta ya Solex na baadaye ya Zenith. Zenith ile ilikuwa na ugonjwa wake. Kifuniko cha juu hupinda, petroli ikapenya pasipotakiwa, gari likatoa moshi mweusi na kukosa sailensa, yaani injini haitulii gari likiwa limesimama. Dawa haikuhitaji duka: kifuniko husuguliwa kwa msasa laini uliotandazwa juu ya kioo mpaka kikae sawa.

Barabara hii ya kutoka ziwani hadi milimani ilikuwa mwalimu mkali kwa sababu ya kimo. Ziwa Nyasa liko mita zisizofika 500 juu ya usawa wa bahari, Mbinga ni zaidi ya 1,000, na milima ya Umatengo inakaribia 2,000. Hewa ya juu ni nyepesi, ila kabureta haina habari hiyo. Inaendelea kutoa petroli karibu ile ile. Injini hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda. Gari lililorekebishwa vizuri Mbamba Bay, kando ya ziwa, lilifika mlimani likikohoa, plagi nyeusi kwa masizi. Fundi wa juu akipunguza petroli, gari likishuka ziwani linakuwa na njaa na kuchemka. Mafundi wawili wangeweza kulaumiana mwaka mzima, na wote wawili wakawa sahihi. Kwenye mpando mrefu wa mchana kuna jambo jingine: petroli huchemka ndani ya pampu, gari likazimika ghafla, na kitambaa kilicholoweshwa maji ya mtoni kikiwekwa juu ya pampu huliamsha.

Kwa hiyo fundi aliyekimbilia bisibisi alikuwa fundi wa kuogopwa. Mjuzi aliuliza kwanza gari linagoma saa ngapi. Likikataa alfajiri na mchana halina neno, kibao cha choki hakifungi. Likiwaka vizuri asubuhi, kisha likipata moto linafuka na kunywa mafuta kupita kiasi, kibao hakifunguki, mara nyingi kwa sababu kebo imeshika kutu. Kuthibitisha ni kazi ya dakika moja: toa mfuniko wa chujio la hewa, mwambie utingo avute choki, tazama. Petroli ikimwagika nje, tafuta uchafu chini ya sindano ya floti, au floti iliyotoboka. Gari likimisi kwenye mwendo tu, jeti, yaani vitundu vya shaba vinavyopitisha petroli, zimeziba. Jeti hupulizwa kwa mdomo au pampu. Waya wa kuzibulia umeharibu kabureta nyingi, kwa sababu shaba ni laini na tundu likipanuka halirudi.

Miaka iliyofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni ziliadimika, vipuri na petroli vikawa taabu. Gasketi zilikatwa kwa maboksi. Petroli ilisafiri kwenye madebe na mapipa, ikabeba maji na kutu hadi ndani ya kabureta. Baadaye kukaja uchakachuaji. Mafuta ya taa yakichanganywa na petroli hayataki kuwaka injini ikiwa baridi, hivyo dereva huvuta choki ndefu kuliko kawaida na kuilaumu kabureta isiyo na kosa. Mwaka 2010 serikali ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili mchezo huo usilipe tena.

Leo barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, ina lami, na magari mengi yanatumia dizeli au mfumo wa kompyuta unaopima hewa wenyewe. Elimu ya choki haikufa. Imehamia kwenye bodaboda. Pikipiki nyingi za Boxer na SanLG zina kabureta ndogo na choki yake pembeni, na kosa linalorudi mara kwa mara ni kijana kuisahau choki ikiwa imefungwa, akapanda mlima na gunia la kahawa huku ekzosi ikitoa moshi mweusi. Choki ikiwa haina kosa, fundi wa kijiweni hufungua kwanza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, akakinga petroli kwenye kifuniko cha chupa, akaangalia kama kuna tone la maji limekaa chini.