Tovuti za maarifa ya tiba

Tovuti za maarifa ya tiba ni hazina za mtandaoni zinazomletea mtumishi wa afya matokeo ya tafiti yaliyochujwa, miongozo ya matibabu na mafunzo kazini, ili uamuzi wake mbele ya mgonjwa usitegemee mazoea peke yake. Arusha ina nafasi ya pekee katika habari hii. Kando ya Barabara ya Njiro, eneo la Oloirien, yapo makao ya Jumuiya ya Afya ya Afrika Mashariki, Kati na Kusini (ECSA-HC), iliyoanzishwa 1974, pamoja na Chuo cha Wapasuaji cha ukanda huohuo (COSECSA), kilichoanzishwa 1999.

COSECSA hakina bweni wala ukumbi wa mihadhara. Daktari anayesomea upasuaji hubaki kazini katika hospitali yake, chini ya mkufunzi aliye hapohapo, na sehemu ya masomo humfuata kwa intaneti. Jukwaa la chuo, School for Surgeons, ni tunda la ushirikiano na Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji cha Ireland ulioanza 2007. Humo wanafunzi hujadili visa vya wagonjwa na kuchambua makala za majarida. Kwa nchi zenye wapasuaji wachache faida yake ni kubwa: hospitali haimpotezi daktari kwa miaka yote ya masomo.

Nje ya upasuaji, mlango mpana zaidi wa majarida ya tiba ni Hinari, uliofunguliwa na Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa Januari 2002. Taasisi za Tanzania huutumia bila malipo. Hata hivyo, inayosajiliwa ni taasisi, si mtu. Muuguzi ambaye mwajiri wake hajajisajili hubaki na simu yake na bando lake.

Pengo hilo linauma kwa sababu ushahidi wenyewe mara nyingi umetoka kwetu. Mwaka 2010 utafiti wa AQUAMAT ulilinganisha kwinini na artesunate kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo: kwa kwinini walikufa asilimia 10.9, kwa artesunate 8.5. Mwaka uliofuata FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ulionyesha kwamba kumtundikia dripu ya haraka mtoto mwenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu huongeza vifo, kinyume na mafundisho yaliyozoeleka duniani. Watoto waliotoa majibu hayo walilazwa katika wodi za hapa, na zahanati za hapa zinastahili kuwa za kwanza kuyapata.

Katika vituo vya Tanzania Bara kauli rasmi ni Mwongozo wa Matibabu wa Taifa, uliotolewa upya 2021, ambao kwa malaria kali huanza na artesunate. Umeandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyo sehemu kubwa ya Hinari. Muhtasari wa Kiswahili, mwepesi kufunguka kwenye simu ya kawaida, ungemfaa muuguzi wa zamu ya usiku kuliko maelfu ya majarida.