Walituambia Si Ugonjwa Wetu: Historia ya Kansa ya Utumbo Mpana, kwa Mama wa Bi Harusi

Wiki hii tumeweka shela na hina pembeni kidogo. Tunataka kuzungumza historia, na historia yenyewe inahusu choo. Msitucheke. Anayeona haya akasome chumbani peke yake, ila asome mpaka mwisho, kisha ampelekee mama yake.

Kwa nini mama? Bi harusi wa miaka 22 au 25 mara nyingi ana mama wa miaka 45 mpaka 50. Binti anasuguliwa singo na kupakwa liwa, anapelekwa kupima damu kabla ya ndoa, kila mtu anamuuliza kama amekula na kama amelala. Mama yake ndiye anayekimbizana na mapishi, turubai na wageni kutoka mikoani, na hakuna anayemuuliza kitu. Tena ukimuuliza atakwambia yuko mzima.

Sisi tunashona nguo za harusi hapa Nyahanga, Kahama, mkoa wa Shinyanga. Tumetoka kisiwani tukafuata biashara, kama walivyofanya wengi tangu dhahabu ilipochangamsha huku: Bulyanhulu, kisha Buzwagi iliyoanza 2009 na kufungwa 2021. Mchimbaji akipata anaoa, na akioa anataka harusi ya kuonekana. Kazi yetu inatufanya tuwapime wanawake viuno kila siku, na hapo ndipo tulipoanza kuijali habari hii. Tutalirudia hilo la viuno baadaye.

Kwanza tumtaje Denis Burkitt. Huyu alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, mwenye jicho moja tu linaloona, kwa kuwa la pili alilipoteza akiwa mtoto wa miaka 11. Alifika Uganda 1946, akafanya kazi Lira, kisha akahamia Kampala, hospitali ya Mulago. Sifa zake za kwanza zilitokana na uvimbe wa taya za watoto, ambao mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Oktoba 1961, wakati Tanganyika inajiandaa kupandisha bendera ya Uhuru, yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu aina ya Ford wakaondoka Kampala kuelekea kusini. Wiki kumi barabarani, maili kama 10,000, wakisimama hospitali hata hospitali na kuuliza swali moja: uvimbe huu mmeuona hapa?

Safari ile ilimfunza kwamba majibu yako kwenye hospitali ndogo za vijijini, si kwenye maktaba za London peke yake. Akawa na desturi ya kuandikia hospitali za misheni Afrika nzima. Fomu ikija, daktari anajaza: mwezi huu umeona wagonjwa wangapi wa ugonjwa huu, na huu, na huu? Na Burkitt alipouliza habari za kansa ya utumbo mpana, majibu yalirudi karibu yote yanafanana. Hakuna. Hakuna. Mmoja, mwaka juzi. Wakati huohuo Uingereza na Marekani ugonjwa huo ulikuwa miongoni mwa kansa zinazoua watu wengi zaidi.

Alirudi Uingereza 1966, akakutana na mawazo ya daktari wa jeshi la majini aliyeitwa Cleave, ambaye alilaumu sukari na unga mweupe kwa maradhi mengi ya watu walioendelea. Alikuwepo pia Hugh Trowell, aliyetibu watu Kenya na Uganda kwa miaka karibu 30. Burkitt akaunganisha: Mwafrika wa kijijini anakula chakula chenye makapi, choo chake ni kingi, laini, na kinapita haraka. Mwingereza anakula mkate mweupe, choo chake ni kidogo na kigumu, kinakaa ndani. Walipima kweli. Walimeza watu vidonge vidogo vinavyoonekana kwenye eksirei, wakahesabu saa mpaka vingi vyake vitoke. Wanakijiji wa Afrika walichukua chini ya siku mbili, Waingereza kama siku tatu. Na choo chenyewe kiliwekwa kwenye mizani. Matokeo hayo yalitoka 1972, mwaka mmoja baada ya makala yake kuhusu kansa ya utumbo.

Sisi tunampenda kwa hilo la mizani. Daktari mkubwa, mtu wa dini, hakuona haya kuzungumza kinyesi mbele ya wakubwa wenzake.

Lakini tusome majibu yale kwa jicho la mwanamke. Miaka ile, ni nani aliyefika hospitali ya misheni? Mwenye uchungu wa kuzaa, mtoto mwenye homa, mtu aliyevunjika mguu. Bibi wa miaka 55 anayetokwa damu kwenye haja kubwa alibaki nyumbani, akapewa mizizi, akakonda, akazikwa, na watu wakasema alikuwa na tumbo. Jina lake halikuingia kwenye fomu yoyote. Hatusemi Burkitt alikosea yote. Maabara ya Kampala, iliyoanza kuorodhesha kansa miaka ya 1950, nayo iliuona ugonjwa huu mara chache, na umri wa kuishi ulikuwa mfupi kuliko sasa. Ulikuwa adimu kweli. Ila kuwa adimu na kutokuwepo ni mambo mawili, na kwa Kiswahili cha mitaani hayo mawili yaligeuka moja: ni ugonjwa wa Wazungu.

Sasa angalieni vyungu vyetu. Bibi wa Kisukuma wa zama za Burkitt alikula ugali wa mtama au uwele, michembe ya viazi vilivyokaushwa, mboga za majani ya kunde, maziwa ya mgando. Nyama ilikuja na sherehe. Leo Kahama ni mji wa mpunga, mashine za kukoboa zinaunguruma toka asubuhi, pumba zinakwenda kwa ng'ombe na kuku, na sisi tunabaki na wali mweupe kama shela. Dona ni chakula cha wasio na uwezo, ndivyo watu wanavyodhani, mgeni akija anapikiwa sembe. Asubuhi chai ya sukari vijiko vitatu na maandazi. Jioni nyama choma. Na kisiwani kwenu msijitoe: mkate wa boflo, chipsi na soda havikutoka Nyahanga. Kilichoitwa chakula cha Wazungu kimeshakuwa chetu, na tumekiongezea mafuta.

Mwaka 2015 watafiti walichapisha jaribio ambalo lingemfurahisha Burkitt, kama asingefariki 1993. Walichukua Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini, wakawabadilishia chakula kwa wiki mbili. Wamarekani wakala chakula cha kijijini chenye makapi mengi, wale wa kijijini wakala baga na viazi vya kukaanga. Wiki mbili tu, na ngozi ya ndani ya utumbo ikaanza kubadilika pande zote mbili: Wamarekani dalili za hatari zikapungua, Waafrika zikapanda.

Huku kwetu hospitali ya rufaa ni Bugando, Mwanza, iliyopo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Madaktari wake walichapisha 2013 hesabu ya wagonjwa wao wa kansa ya utumbo mpana na njia ya haja kubwa. Ndani ya miaka michache walikuwa zaidi ya 300. Umri wa katikati ulikuwa miaka 46, yaani nusu yao walikuwa hawajafika hata umri huo au ndio wamefika, na wengi walifika ugonjwa umeshasonga mbele. Miaka 46! Huyo si bibi kizee. Huyo ndiye mama anayekaa mbele ukumbini kwenye picha ya harusi.

Mbona wanachelewa? Tunalo jibu letu, na linaanza na neno bawasiri. Neno hili tumelipata kwenye Kiarabu, na ni la zamani mno. Tabibu Musa bin Maimun, Myahudi wa Cordoba aliyetibu watawala wa Misri karne ya 12, aliandika kijitabu kizima kuhusu bawasiri, kwa kijana wa ukoo mkubwa aliyesumbuliwa nayo, na sehemu kubwa ya ushauri wake ilikuwa chakula na kuzuia choo kigumu. Karne nane baadaye Burkitt anarudi palepale. Ugonjwa una heshima zake za kihistoria, lakini siku hizi jina lake limekuwa shuka la kufunikia kila kitu. Damu ikionekana tu, bawasiri. Anatafutiwa dawa ya kupaka sokoni, ya kuchemsha, ya kukalia. Huku Kanda ya Ziwa tuna na visingizio vingine vya kweli: ameba, taifodi, kichocho cha tumbo. Vyote vinaweza kuleta damu au kuharisha, kwa hiyo mtu anameza dawa ya ameba mara ya kwanza, ya pili, ya tano, na hakuna aliyemwangalia ndani.

Kwa mwanamke kuna shuka la pili, nalo ni hedhi. Akipungukiwa damu anaambiwa ni siku zake, akanywe rozela na juisi ya bitiruti. Sawa, inaweza kuwa. Lakini mama aliyekwishakoma hedhi, anayeishiwa damu na kuchoka kupanda ngazi mbili, hiyo damu inakwenda wapi? Utumbo unaweza kuvuja kidogo kidogo miezi mingi bila jicho kuona. Na choo cha shimo hakionyeshi kitu. Angalau sisi tunaostanji kwa maji tuna nafasi ya kuona rangi ya maji. Tuitumie.

Hapo ndipo viuno vyetu vinapoingia. Fundi ana daftari la vipimo. Mteja mmoja, mama wa mabinti watatu, alishonewa gauni kwenye kila harusi ya bintiye. Harusi ya kwanza kiuno inchi 38. Ya pili 35, akafurahi, tukamsifu wote kwamba amepungua vizuri. Ya tatu 30, na gauni la pili alilileta likapunguzwe pande zote. Alikuwa hafanyi diet yoyote. Alipopelekwa Mwanza walikuta uvimbe umeshatoka nje ya utumbo. Allah amrehemu.

Historia ya kipimo ndiyo inayotia moyo, maana ugonjwa huu una fadhila moja: huja polepole. Mara nyingi huanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo, na kinyama hicho huweza kukaa miaka hata kumi kabla ya kugeuka. Ukikikuta mapema, unakikata, umemaliza. Zamani kukikata kulihitaji kupasua tumbo. Mwaka 1969, New York, madaktari Hiromi Shinya na William Wolff walifanikiwa kukikata kwa kitanzi cha waya kilichopita ndani ya mrija wenye kamera, bila kisu. Miaka miwili kabla yake daktari wa Ohio aitwaye Greegor alikuwa ameonyesha njia rahisi zaidi: mgonjwa anachukua choo kidogo nyumbani kwake, anapaka kwenye karatasi iliyotiwa utomvu wa mti wa guayaki, na kama kuna damu iliyojificha, karatasi hugeuka bluu. Huko Minnesota watu zaidi ya 46,000 walifuatiliwa, na 1993 matokeo yakatoka: waliopimwa choo kila mwaka, vifo vya kansa hii vilipungua kwa theluthi moja. Karatasi na kijiti! Marekani walianza kuwapima watu wakifika miaka 50, na 2021 jopo lao la kitaifa likashusha umri mpaka 45.

Kwetu, mama huitwa kwenda kupimwa mlango wa kizazi, na kampeni za matiti tunaziona. Utumbo mpana hakuna anayekuita. Lazima ujiite. Mama akifika 45, aende hospitali aseme kwa mdomo wake: nataka kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo. Kikionyesha damu, hatua inayofuata ni kamera, na kwa sisi wa Nyahanga hiyo ni safari ya Mwanza. Ambaye mzazi au ndugu wa tumbo moja amepata ugonjwa huu asingoje 45. Na ambaye tayari anaona damu, choo kimebadilika wiki kadhaa, au anakonda bila sababu, huyo si wa kungoja umri wowote, aende kesho.

Kuhusu haya, tuseme wazi. Kipimo cha choo hakina mtu wa kukuvua nguo, unachukua mwenyewe chooni kwako. Kamera ndiyo yenye uzito. Omba tabibu mwanamke, au muuguzi mwanamke awepo, omba shuka, ni haki yako na hakuna atakayekushangaa. Asipopatikana, wanazuoni wameruhusu matibabu ya lazima kwa kiasi cha haja. Mume apewe habari mapema, asije akashtukia mlangoni.

Jambo la mwisho ni la kalenda. Kabla ya kamera unakula vyepesi siku moja au mbili, kisha unakunywa dawa ya kusafisha tumbo na maji mengi, na usiku huo utalala karibu na choo. Kwa hiyo usiupange Ramadhani, wala wiki ya harusi. Harusi nyingi zinaangukia Mfunguo Mosi na Mfunguo Pili. Rajabu na Shaabani mafundi bado hatujabanwa na kazi, binti bado hajaanza kuwekwa ndani, na basi la Mwanza lina nafasi.