Kibarua Anaporudi Shambani Kwake

Neno kibarua lilianza kama karatasi. Huko pwani, mtu aliyeajiriwa kwa siku alipewa kibarua, yaani barua ndogo ya kuthibitisha kazi yake, na baadaye jina la karatasi likamhamia mtu mwenyewe. Vijijini leo neno hilo lina uzito wa aina yake: ni kulima shamba la mwenzako huku la kwako likiota majani.

Nimeanzia hapo kwa makusudi. Historia ya ruzuku ya fedha kwa kaya maskini husimuliwa kwa kawaida kama habari za wafadhili, wizara na miradi. Mimi naiona kuwa ni historia ya siku za kazi: mkulima anazitumia shambani kwa nani?

Itazame kalenda ya Dodoma. Mvua huanza Desemba na kukatika Aprili. Mtama, uwele na karanga vinatakiwa kupandwa na kupaliliwa ndani ya wiki chache, na ni wiki hizo hizo ghala huwa tupu. Chakula cha mwaka jana kimekwisha, cha mwaka huu bado ni kijani. Mama mwenye watoto wanne anaamka alfajiri, anabeba jembe, anakwenda kupalilia ekari ya mwenye nacho, jioni anarudi na unga kidogo ndani ya kitenge. Watoto wanakula usiku huo. Kule shambani kwake magugu nayo yamepata siku moja zaidi. Wakati wa mavuno anaambulia sehemu ndogo tu ya kile ambacho ardhi yake ingeweza kutoa, na njaa ya mwaka ujao inakuwa imeshapandwa. Kagera wana sura nyingine ya mtego huo huo, wanaiita butura: mkulima anauza kahawa ingali maua, kwa bei ya mwenye shida.

Kwa miongo mingi jibu lilikuwa chakula. Wazee wa Tanzania bado wanaukumbuka unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano yaliyokuja kwa meli miaka ya ukame. Uliokoa watu, na hilo lisidharauliwe. Ila unga haununui jembe wala daftari, na aliyehitaji dawa ya mtoto ilimbidi auuze kwa hasara.

Wazo la kutoa fedha zenyewe lilipata nguvu Mexico mwaka 1997, kwa mpango wa Progresa uliowalipa akina mama wa vijijini kwa sharti kwamba watoto wasome na wapelekwe kliniki. Afrika haikuchelewa sana. Zambia ilianza majaribio Kalomo mwaka 2003, Kenya ikaanza na kaya 500 zinazolea yatima mwaka 2004, Malawi ikafuata wilayani Mchinji mwaka 2006.

Tanzania ilikuwa na TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, tangu mwaka 2000, lakini kwa muongo wa kwanza wananchi waliijua kwa madarasa, zahanati na visima. Fedha mkononi zilijaribiwa kuanzia Januari 2010 katika vijiji 80 vya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji 40 vilipata kwanza, 40 vikasubiri, ili tofauti ionekane. Kamati za vijiji vyenyewe ndizo zilizosimamia, na malipo yalitoka kila baada ya miezi miwili.

Siku ya malipo kijijini ina picha yake. Meza inatolewa nje ya ofisi ya kijiji, chini ya mti. Bibi aliyetembea tangu alfajiri anafungua fundo la khanga, anatoa kitambulisho kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki, anabonyeza kidole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Anahesabiwa noti. Anazihesabu tena mwenyewe, taratibu, bila kumwangalia mtu. Kisha zinarudi kwenye fundo lile lile.

Zilikwenda wapi? Tathmini ya majaribio hayo ilionyesha mambo ya kawaida kabisa, na ukawaida wake ndio unaonigusa. Watoto walinunuliwa viatu. Kaya nyingi zaidi zilijiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii. Mbuzi na kuku waliongezeka. Asiyeishi kijijini anaweza kumpuuza kuku, lakini kuku ndiye akiba inayotaga: mtoto akipandwa na homa usiku, asubuhi kuku anauzwa na jembe linabaki.

Mwaka 2012 mpango ukapanuliwa nchi nzima kwa jina la Kunusuru Kaya Maskini, na katika miaka michache ukazifikia kaya zaidi ya milioni 1. Ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, na pamoja na nyongeza za watoto haikuzidi 38,000. Si fedha nyingi. Kwa kaya iliyokuwa ikiuza siku zake kwa unga, zilitosha kununua siku kadhaa za kubaki nyumbani.

Ushahidi wa jambo hilo ulipatikana Zambia. Mwaka 2010 serikali ilianza kuzilipa kaya zenye watoto wadogo katika wilaya za Kalabo, Kaputa na Shang'ombo. Watafiti waliporudi walikuta eneo linalolimwa limeongezeka, mbegu na mbolea zimenunuliwa, na watu wamepunguza kulima vibarua kwenye mashamba ya wengine. Hakuna aliyewaagiza wafanye hivyo.

Hofu ya pombe haikukosekana, na hadi leo inasemwa vijiweni. Watafiti David Evans na Anna Popova walikusanya tafiti kutoka Amerika ya Kusini, Afrika na Asia, wakakuta kwamba matumizi ya pombe na tumbaku hayakupanda kwa sababu ya ruzuku. Nadhani hofu hiyo inatueleza zaidi sisi tulio nayo.

Kenya, kaunti ya Siaya, ikawa mahali pa jaribio kubwa kuliko yote niliyoyataja. M-Pesa ilikuwa imeanza mwaka 2007, kwa hiyo fedha ziliweza kuingia kwenye simu bila meza wala foleni. GiveDirectly, shirika linalogawa fedha, lilianzia Rarieda, humo humo Siaya, likichagua kaya zenye nyumba za nyasi. Wengi wakaezeka mabati. Nyasi hudai kuezekwa upya kila baada ya muda mfupi, na mvua ya usiku huwahamisha watoto na mikeka yao kutoka kona hadi kona. Chini ya bati familia inalala, na maji ya mvua yanakingwa. Kati ya 2014 na 2017, kaya zaidi ya 10,000 zilipata takriban dola 1,000 kila moja, katika utafiti uliogusa vijiji 653. Bei sokoni hazikupanda kwa kiasi cha kuumiza, na hata majirani wasiopewa walinufaika, kwa kuwa fedha zilipita dukani, kwa fundi na kwa muuza samaki. Hata hivyo, katika kaunti jirani ya Homa Bay karibu nusu ya watu walizikataa, kukiwa na uvumi kwamba zinatoka kwa shetani. Siwalaumu, nani aliwahi kuwapa kitu bila kudai kura au shukrani?

Mwaka 2025 mtafiti Edward Miguel na wenzake walitoa matokeo yaliyonifanya nisimame nisome tena. Katika kaya zilizopewa fedha huko Siaya, vifo vya watoto wachanga vilipungua kwa karibu nusu. Ukaribu wa kituo cha afya ulichangia. Lakini walikuta pia kwamba akina mama walipunguza sana kazi katika miezi ya mwisho ya ujauzito na baada ya kujifungua. Mama mwenye mimba ya miezi minane hakulazimika kuinama kwenye shamba la mwingine ili apate chakula cha jioni. Alibaki nyumbani, na mtoto wake akaishi.

Kwa hiyo nawaomba wanaopanga tarehe za malipo, iwe TASAF au Inua Jamii, mpango wa ruzuku wa Kenya: fedha ya mkulima iliyokuja Machi imemkuta keshauza siku zake. Kwa mkulima wa Dodoma, mlipeni Novemba, kabla mvua haijagusa ardhi.