Zao

Mkulima wa Bahi akitaja zao, anamaanisha mtama wenyewe. Mwalimu wa hesabu akilitaja, ni jawabu la kuzidisha. Neno limetokana na kuzaa, na uwanda wa kati wa Tanzania huzikutanisha maana zote mbili: mavuno ni eka mara magunia kwa eka, na namba zote mbili zimo mikononi mwa mvua ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi.

Chukua mtu anayelima eka 1 au 3, kila eka ikatoa magunia 2 au 6, kwa uwezekano sawa, bila namba moja kuitegemea nyingine. Mazao yanayowezekana ni 2, 6, 6 na 18. Wastani ni 8, sawa na wastani wa eka (2) mara wa magunia (4). Hata hivyo, mara tatu kati ya nne mkulima huvuna chini ya wastani huo! Mtawanyo una mkia mrefu upande wa juu. Ndiyo maana wanatakwimu hupenda logi: logi ya zao ni jumla ya logi za vizidishwa, na jumla haina ukaidi mwingi.

Mvua ikiamua namba zote mbili kwa pamoja, hubaki 2 au 18 tu, na wastani hupanda hadi 10.

Kizidishwa kimoja kikipungua nusu na kingine nusu, zao hubaki robo. Kongwa ilishuhudia vyote viwili vikipungua: mradi wa karanga wa Waingereza ulianza huko 1947 ukilenga eka zaidi ya milioni 3. Eka zilizofyekwa zilikuwa chache, udongo mgumu na ukame vikapunguza karanga, na mwaka 1951 serikali ikauacha.