Mahindi na Kunde Shamba Moja: Funzo la Uluguru na Umatengo

Ndugu wanafunzi wa zamani, na ninyi mliopo shuleni sasa,

Sisi sote twalikumbuka shamba la shule: kamba, mistari iliyonyooka, mahindi matupu, na adhabu kwa aliyechomeka kunde katikati. Tuliambiwa kuchanganya mazao ni ukulima wa kizamani. Niliamini, na baadaye, nikiwa mtumishi wa Serikali, niliwahubiria wazee vijijini hayo hayo. Nilipoisoma historia niliona kwamba haikuniunga mkono.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wa matumizi ya ardhi katika milima ya Uluguru. Nia ya kuzuia mmomonyoko haikuwa mbaya. Ubaya ulikuwa katika namna. Watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Kumbe udongo wenye rutuba huko ni mwembamba: ngazi zilipochimbwa ulifukiwa, na udongo hafifu ukaja juu. Mazao yakadhoofu. Mwaka 1955 wananchi walikusanyika kupinga, ghasia zikazuka, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa.

Sasa tazameni Mbinga. Wamatengo wamelima milima mikali tangu kabla ya ukoloni kwa mashimo yaitwayo ngoro. Majani hufyekwa mvua zinapokaribia kwisha, hulazwa kwa miraba, kisha udongo wa katikati huchimbwa na kuyafunika. Juu ya kingo hupandwa maharage. Msimu ufuatao, majani yakiwa yameoza, hupandwa mahindi. Mashimo huzuia maji na udongo visiteremke. Mwaka 1938 ofisa wa kikoloni, A. H. Pike, aliandika habari za njia hiyo ya kuhifadhi udongo. Basi, ujuzi ulikuwapo nchini kabla ya amri za Uluguru.

Sababu zake zaeleweka. Vijidudu katika mizizi ya jamii ya kunde hunasa naitrojeni ya hewani. Majani ya kunde hufunika ardhi. Mvua ikikatika mapema, mahindi yaweza kukauka lakini kunde zikavunwa. Hata hivyo tusitie chumvi: mimea ikibanana mno, mahindi hupungua, na kilimo cha sesa kifaacho tambarare chaweza kuangamiza mlima.

Kosa letu lilikuwa katika hesabu. Tulipima debe za mahindi tu; debe la kunde halikuandikwa popote. Mama aliyelisha watoto kwa kunde hizo alionekana mkulima mbaya.

Vijana, shamba la shule ni lenu sasa. Ligaweni sehemu tatu: mahindi matupu, mahindi na kunde kwa sesa, mahindi na kunde kwa matuta. Pimeni mavuno yote, misimu kadhaa, na mtuandikie humu. Mimi nitasoma kwa makini, maana nina wazee wa kuwaomba radhi.