Saa ya Majira na Saa ya Sitaha

Neno majira lina maana mbili. Watu wa bara hulitumia kwa nyakati na misimu, kama majira ya masika au majira ya mavuno. Wanamaji wa pwani hulitumia pia kwa njia ya chombo baharini. Hatutaki hapa kuchungua asili ya neno. Twataka kuonyesha tu ya kuwa katika bahari kuu wakati na njia ni jambo moja, na ya kuwa wanadamu walichelewa sana kulijua hilo, hata wengi wakapotea.

Mwaka 1498 Vasco da Gama alipata Malindi rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Baadhi ya vitabu vya Kireno humwita Malemo, nalo si jina la mtu, bali ni lile neno la Kiarabu lililotupa sisi mwalimu. Maana katika Bahari ya Hindi aliyejua njia za nyota aliitwa mwalimu wa chombo. Walimu hao walikuwa na kamali, yaani kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, ambacho kwacho walipima kimo cha nyota juu ya upeo wa macho. Kimo hicho kiliwaambia wako kaskazini au kusini kiasi gani, yaani latitudo. Lakini mashariki na magharibi, yaani longitudo, nyota haisemi peke yake. Yahitaji saa.

Sababu yake ni hii. Dunia huzunguka digrii 360 kwa muda wa saa 24, maana yake digrii 15 kila saa, na digrii 1 kila dakika 4. Jua likiwa utosini Mombasa, kule Greenwich, Uingereza, ni kama saa 3 na dakika 21 asubuhi kwa hesabu yetu ya Kiswahili. Basi baharia mwenye saa iliyotegwa kwa wakati wa Greenwich, akijua na wakati wa jua mahali alipo, huzilinganisha hizo mbili na kuipata longitudo yake. Hesabu hii hata mtoto wa shule aweza kuifanya. Lililokuwa gumu ni kuipata saa yenyewe. Saa ikikosea dakika moja, chombo kilicho karibu na Ikweta huonekana kipo maili 15 za bahari mbali na mahali pake pa kweli, na mwamba hausubiri.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1707 manowari nne za Kiingereza chini ya Amirali Cloudesley Shovell zilipasuka katika miamba ya visiwa vya Scilly, zikirudi kwao, na watu zaidi ya elfu moja wakafa maji. Msiba huo ulikumbukwa sana. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza likaahidi pauni 20,000 kwa mtu atakayeonyesha njia ya kuijua longitudo bila kukosea zaidi ya nusu digrii. Wenye elimu wengi walitazama mbinguni. Hawakusadiki ya kuwa saa yaweza kushika wakati sawasawa katika merikebu iyumbayo, penye joto, baridi na chumvi.

Aliyewakanusha ni John Harrison, seremala, mtu asiyepata elimu ya chuo. Alitengeneza saa tatu kubwa kwa kazi ya miaka mingi, kisha akaziacha, akafanya ya nne, iliyomalizika mwaka 1759, yenye upana wa sentimita 13 tu. Mwaka 1761 mwanawe William aliichukua katika merikebu kwenda Jamaica. Walipofika na kuhesabu, saa ilikuwa imechelewa kama sekunde 5. Hata hivyo waamuzi walisita. Baadhi yao walipendelea njia ya kupima mwendo wa mwezi, nao wakadai majaribio mengine na siri zote za ufundi wake. Harrison alikuwa na umri wa miaka 80 Bunge lilipomlipa pauni 8,750 mwaka 1773, juu ya fedha alizokwisha kupewa, na miaka mitatu baadaye akafa. Kati ya mwaka 1772 na 1775 Kapteni James Cook alisafiri bahari za kusini na nakala ya saa hiyo, iliyofanywa na Larcum Kendall, naye akaisifu sana.

Tangu hapo desturi ilikuwa hii. Saa kubwa ya majira, yaani kronomita, ilikaa chini katika sanduku la mti, ikining'inia kwenye pete ili isilale upande merikebu iyumbapo. Ilijazwa ufunguo kila siku kwa saa ile ile, wala haikuchukuliwa huku na huku. Basi afisa apimaye jua kwa sekstanti huko juu angeijuaje sekunde? Hapo ndipo palipotumika saa ya sitaha, saa ya mfukoni iliyo kubwa kuliko za kawaida, yenye mshale wa sekunde uonekanao vizuri. Alizilinganisha saa mbili hizo chini, akapanda na ile ndogo, na mara jua lilipogusa upeo wa macho katika kioo, mwenziwe aliandika sekunde. Kisha walishuka na kulinganisha tena. Vyombo vidogo visivyo na kronomita vilitumia saa ya sitaha peke yake.

Pwani yetu nayo ilipimwa kwa saa za namna hiyo. Kati ya mwaka 1822 na 1826 Kapteni William Owen alichora ramani za mwambao wa Afrika Mashariki, na wengi wa mabaharia wake walikufa kwa homa katika kazi hiyo.

Baadaye wakati ulitangazwa kwa simu ya upepo, na sasa satelaiti humwonyesha nahodha mahali alipo bila hesabu. Saa za sitaha zimekuwa vitu vya makabati na minada. Walakini mwaka 2015 chuo cha manowari cha Marekani kule Annapolis kilirudisha mafundisho ya nyota, kwa kuwa mashine yaweza kuzimwa.

Nasi walimu tuna jambo la kushika. Hakuna saa ya baharini iliyokwenda bila kosa. Kila siku afisa aliandika imekosea sekunde ngapi, na ikiwa kosa lilikuwa lile lile kila siku, saa ilihesabiwa kuwa njema. Iliyohofiwa ni ile ikosayo leo hivi na kesho vingine. Kosa lijulikanalo hutolewa katika hesabu. Lisilojulikana ndilo lipasualo chombo.