Sungura wa Toronto

Historia ya insulini husimuliwa kama habari ya uokovu: Januari 1922, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyebaki mifupa mitupu, anachomwa sindano katika hospitali ya Toronto, anaishi. Mimi navutwa zaidi na sungura.

James Collip, mkemia aliyeitwa kusafisha dawa ambayo Banting na Best waliitoa kwenye kongosho za ng'ombe, aliijaribu kwa sungura wazima. Dozi ilipozidi, sungura walishikwa na degedege, wakaanguka wakalala kama mizoga. Akawadunga maji ya glukosi, wakainuka. Kwa hiyo kabla insulini haijafika kwa wagonjwa wengi, hatari yake na dawa ya hatari hiyo vilikwisha kujulikana, na dawa yenyewe ilikuwa sukari ileile waliyokatazwa wagonjwa. Hata yuniti za mwanzo zilipimwa kwa sungura wa kilo 2 aliyekaa na njaa: kiasi cha kumshusha sukari hadi ukingoni mwa degedege.

Miaka kumi na kitu baadaye, huko Vienna, daktari Manfred Sakel aliugeuza ukingo huo kuwa tiba. Wagonjwa wa akili walichomwa insulini kwa makusudi mpaka wakapoteza fahamu, kisha wakarudishwa kwa sukari, kwa mpira wa puani au kwa mshipa. Wengine hawakurudi. Hospitali za Ulaya na Marekani zilifanya hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 1953 Harold Bourne aliandika katika jarida la The Lancet kwamba imani hiyo haikuwa na msingi, na wakubwa wake wa fani wakamshambulia. Inanitisha kwamba watu wenye elimu walizoea kuitazama hali hiyo wodini kila asubuhi.

Kwetu tatizo liko kwenye jina. Ugonjwa tunauita sukari. Mtu "ana sukari", basi sukari ni adui yake, nukta. Nani atakumbuka kwamba aliyechoma insulini akakosa chakula anaweza kuanguka kwa kuikosa?

Mwaka jana shangazi yangu alilowa jasho jikoni, mikono ikitetemeka, maneno hayaungani. Mumewe akakoroga sukari kwenye maji, vijiko vitatu vya chai vilivyojaa. Jirani akamshika mkono: "Baba, unamuua! Si ana sukari huyu?"

"Imeshuka," akajibu, akamnywesha taratibu kwa sababu bado aliweza kumeza. Angekuwa amezimia wasingemtia kitu mdomoni. Angehitaji glukosi ya mshipa au sindano ya glukagoni, na hiyo glukagoni sijawahi kuiona kwenye duka la dawa la mtaani kwetu. Baada ya robo saa akampima kidoleni. Imepanda. Akamkatia mkate.

Shangazi alipopata akili, kitu cha kwanza alichouliza ni nani amezima jiko la maharage.